Kabla ya kununua sabufa kubwa zaidi, hamisha uliyonayo

Mahindi yakishauzwa, maduka ya vifaa vya umeme Mwanjelwa na Iringa mjini hupata wateja wengi wanaotafuta sabufa. Ya nyumbani, wanasema, imechoka. Inakwaruza, besi inavuma mpaka maneno hayashikiki, na bibi akisikiliza taarifa ya habari anauliza "amesemaje?" kila baada ya sentensi. Inanunuliwa kubwa zaidi, inawekwa palepale ilipokaa ya kwanza, na baada ya wiki mbili malalamiko ni yaleyale.

Tuanze na namba ya kwenye boksi, maana ndiyo inayokula fedha za watu. Boksi linaweza kuandikwa wati 8,000, na pembeni herufi PMPO. Sasa geuza sabufa utazame kibandiko kidogo cha nyuma, karibu na waya wa umeme. Hapo huenda ukakuta imeandikwa kwamba inatumia wati 40 au 60 tu. Kifaa hakiwezi kutoa mfululizo nguvu nyingi kuliko kinayoipokea ukutani. PMPO ni hesabu ya kilele cha kufumba na kufumbua, na kila kiwanda hukipigia hesabu kinavyotaka. Namba ya kuulizia ni ile yenye herufi RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaihimili bila kukatika. Hata hiyo isikutishe: ukitoka wati 20 kwenda 40, sikio husikia tofauti ndogo tu. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, nguvu inapaswa kuongezeka karibu mara 10.

Mahali pa kuweka spika ndipo penye faida kubwa, na hapagharimu kitu. Nyumba nyingi za kwetu ni za tofali la kuchoma, sakafu ya saruji, na juu bati bila dari. Vyote hivyo hurudisha sauti kama ukuta unavyorudisha mpira. Neno moja linakufikia kutoka kwenye spika, kisha linakufikia tena kutoka ukutani na kwenye bati, na maneno yanapandana. Pazia zito, mkeka, makochi yenye vitambaa na blanketi la ukutani hunyonya sauti hiyo. Magunia ya mahindi nayo hufanya kazi hiyohiyo. Ndiyo maana baadhi ya sebule huanza kulia kama debe mara tu mavuno yanapouzwa.

Boksi kubwa la besi likiwekwa kwenye kona, kuta mbili na sakafu huisukuma besi kwa pamoja, ikavuma kupita kiasi. Lisogeze nusu mita kutoka kwenye kona usikilize. Ongeza tena hatua moja, usikilize tena. Zile spika ndogo mbili zisikae juu ya kabati karibu na bati. Sauti nyembamba, ile inayobeba "s", "f" na "ch", huenda mbele kama mwanga wa tochi, kwa hiyo spika zitazame pale watu wanapokaa, ziwe usawa wa masikio yao. Kisha punguza besi. Kwa taarifa ya habari, besi nyingi ni adui wa bibi.

Kama spika zako zinafungwa kwa nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, hakikisha zimefungwa sawa pande zote. Upande mmoja ukigeuzwa, spika moja husukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na besi hupotea bila kifaa kuharibika. Zima kwanza, badilisha nyaya za spika moja, kisha ziweke spika mbili karibu karibu na usikilize. Ufungaji unaotoa sauti nzito zaidi ndio sahihi.

Wanaopiga kutoka kwenye simu, kwa waya au blututhi, wapandishe sauti ya simu karibu na mwisho, halafu sabufa waiongeze taratibu. Wengi hufanya kinyume: simu iko chini, sabufa iko mwisho, na kinachokuzwa ni mlio wa "shshsh". Sabufa ikianza kukwaruza, teremsha. Ikilazimishwa hivyo kwa muda mrefu, spika ndogo huungua.

Redio ina shida yake ya pekee huku Nyanda za Juu. Mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga, na mlima ukikaa katikati huyazuia au kuyarudisha. Aliye kwenye uwanda wa Usangu anaweza kupata kituo vizuri, na aliye bondeni nyuma ya mlima akapata mikwaruzo. Wimbi moja la FM lina urefu wa karibu mita 3, kwa hiyo kuisogeza redio mita moja tu, hasa kuelekea dirishani, kunaweza kubadilisha kila kitu. Kipande cha waya cha sentimita 75 hutosha kuwa antena. Kwenye simu, waya wa hedifoni ndio antena, basi unyooshe. Kama redio ina kitufe cha stirio, kizime, na sehemu ya mikwaruzo itapungua. Zima pia taa za LED na chaja, moja baada ya nyingine. Zile za bei ya chini huvuruga redio sana. Mvua ya Tukuyu ikishaanza kupiga bati, hapo hatuna ushauri.

Kwa wanaotumia sola, mlio wa "zzzz" usiokwisha mara nyingi hutoka kwenye inveta. Sabufa yenye tundu la volti 12 iunganishwe moja kwa moja na betri, baada ya kuthibitisha chanya na hasi kwenye kibandiko. Betri iliyokwisha nayo huleta mikwaruzo, hasa besi inapogonga.

Ukijaribu yote haya na bado ukaamua kununua, nenda dukani na flashi yenye wimbo unaoujua vizuri. Muuzaji atafungulia muziki kwa sauti ya juu. Mwombe ateremshe, kisha atafute kituo chenye mtu anayezungumza, nawe usimame hatua nne kutoka hapo.