KUKOSEA SI AIBU: SOMO LA KOBE

Katika madarasa ya kisomo tumewaona watu wazima walioacha kuja kwa sababu moja tu. Walikosea ubaoni, wenzao wakacheka. Basi leo tutaeleza habari za mtaalamu mmoja aliyeliheshimu kosa.

Jina lake ni Seymour Papert. Alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Alifundisha miaka mingi katika chuo cha MIT huko Marekani, akafariki mwaka 2016. Alikuwa bingwa wa hesabu, lakini swali lake kubwa lilikuwa: je, mtu hujifunzaje?

Tujue kwanza kwamba kompyuta ni mashine inayofuata maagizo. Maagizo hayo yakipangwa huitwa programu. Mwaka 1967 Papert na wenzake walitunga Logo, lugha rahisi ya kuandikia programu, ili hata mtoto aweze kuiagiza kompyuta. Baadaye wakaongeza “kobe”. Huyu alikuwa chombo cha magurudumu kinachotembea sakafuni, au alama kwenye kioo cha kompyuta. Kila alipopita aliacha mstari.

Tuseme tunataka kobe achore pembetatu ya pande sawa. Mwanafunzi anaandika: nenda mbele 100, geuka kulia nyuzi 60, rudia mara tatu. Loo! Mstari haufungi. Papert hakutaka mwalimu atie alama ya kosa na kupita. Alitaka mwanafunzi asimame, awe kobe yeye mwenyewe, atembee mpaka aone alipopotea. Hapo atagundua kwamba kwenye kila kona lazima ageuke nyuzi 120.

Papert alichunguza pia mashine zinazoiga ubongo. Ubongo una seli nyingi mno zilizoungana kama nyuzi za wavu. Tukijifunza jambo, baadhi ya viungo kati ya seli hupata nguvu na vingine hufifia. Hivyo ndivyo kumbukumbu inavyojengeka. Mwaka 1958 Mmarekani Frank Rosenblatt alieleza mashine ya aina hiyo, iitwayo perseptroni. Ikijibu sawa, haibadiliki. Ikikosea, hurekebisha viungo vyake. Yaani, bila kosa haijifunzi kitu!

Lakini ilikuwa na mipaka. Mwaka 1969 Papert na Marvin Minsky walionyesha katika kitabu chao mambo ambayo perseptroni ya tabaka moja haiwezi. Wataalamu waliofuata waliunganisha tabaka nyingi, na siku hizi mashine hizo husoma maandishi na kutambua sauti za watu. Nazo pia hufundishwa kwa kusahihishwa makosa, tena na tena.

Haya, tujaribu wenyewe. Andika maagizo kwenye karatasi: tembea hatua 10, geuka kulia robo ya mzunguko, rudia mara nne. Mpe jirani ayasome na kuyafuata uani. Akirudi pale alipoanzia, maagizo yako ni sahihi. Asiporudi, msimcheke mtu. Someni tena, tafuteni kosa lilipo, mlisahihishe.

Na wewe uliyeacha darasa kwa aibu, rudi. Nafasi yako bado ipo.