Chema Chajiuza? Jina la Mtu Mashuhuri katika Safari ya Mwandishi Chipukizi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewafariji waandishi wengi, na imewaumiza wengine vilevile. Humhimiza mtunzi aitengeneze kazi yake vyema kabla ya kuitoa hadharani. Lakini pia humtia haya ya kuitangaza, kana kwamba kila anayepiga hodi kwa jirani amekiri kuwa bidhaa yake ni mbovu. Historia ya fasihi inaonyesha kwamba vyema vingi havikujiuza vyenyewe. Vilipelekwa mlangoni pa mtu mwenye jina, naye akavifungulia njia.

Siku hizi hodi hiyo hupigwa katika mitandao ya kijamii. Kijana aliyetunga shairi au hadithi humwomba mwanamuziki, mtangazaji au mwandishi mwenye wafuasi wengi amsambazie kazi yake. Makala hii inanuia kueleza namna jina la mtu mashuhuri linavyoweza kumfaa chipukizi, na namna linavyoweza kumdhuru. Hoja yake kuu ni kwamba kuomba kusomwa na kuomba jina ni mambo mawili tofauti, ijapokuwa kwa nje yanafanana.

Jina lililopigwa chapa ya dhahabu

Mfano wa kwanza unatoka Marekani. Mnamo mwaka wa 1855, Walt Whitman alichapisha kwa gharama yake mwenyewe diwani iitwayo Leaves of Grass huko Brooklyn, New York. Ilikuwa na mashairi 12, na jina la mtunzi halikuwekwa kwenye ukurasa wa anwani. Whitman hakuwa na sifa yoyote kubwa wakati huo. Alimpelekea nakala Ralph Waldo Emerson, mwanafalsafa aliyeheshimiwa kote nchini humo. Emerson aliisoma, akaipenda, na tarehe 21 Julai 1855 akamwandikia mtunzi barua ya faragha, akimsifu na kumtakia heri mwanzoni mwa safari kubwa.

Kufikia hapo hapakuwa na tatizo. Chipukizi alikuwa ameomba kusomwa, naye akasomwa. Tatizo lilianza mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, barua hiyo ilipochapishwa katika gazeti la New York Tribune bila idhini ya Emerson. Mwaka wa 1856 Whitman alitoa chapa ya pili ya diwani yake. Maneno ya Emerson yalipigwa chapa ya dhahabu kwenye mgongo wa kitabu pamoja na jina lake, na barua nzima ikachapishwa ndani.

Watu wengi huishia kwenye suala la idhini, ilhali lipo jambo zito zaidi. Chapa ya pili ilikuwa na mashairi 32. Emerson alikuwa amesifu kitabu chenye mashairi 12; sasa jina lake lilisimama kama mdhamini wa mashairi mengine 20 ambayo barua yake haikuyazungumzia. Kwa maneno mengine, sifa iliyotolewa kwa kazi moja ilihamishiwa kazi nyingine. Chapa hiyo haikununuliwa kwa wingi. Nguo ya kuazima, kama wasemavyo Waswahili, haisitiri matako.

Hata hivyo, mgala muue na haki yake mpe. Whitman aliendelea kuirekebisha na kuipanua diwani yake hadi mwisho wa maisha yake mnamo 1892, na leo hii anahesabiwa miongoni mwa washairi wakuu wa taifa lake. Kilichomfikisha huko ni kazi hiyo ya miaka takriban 40, si dhahabu iliyokuwa mgongoni mwa kitabu. Emerson naye alipotoa mkusanyiko wake wa mashairi uitwao Parnassus mnamo 1874, hakutia humo shairi hata moja la Whitman.

Mswada uliosomwa Makerere

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Mwezi wa Juni mwaka wa 1962, waandishi wa Afrika waandikao kwa Kiingereza walikongamana katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Miongoni mwao alikuwamo Chinua Achebe, ambaye riwaya yake Things Fall Apart ilikuwa imetoka mwaka wa 1958. Alikuwamo pia mwanafunzi mmoja wa chuo hicho kutoka Kenya, akiitwa James Ngugi wakati huo, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Kijana huyo alimkabidhi Achebe mswada wa riwaya. Achebe aliusoma, akaupendekeza kwa wachapishaji wa Heinemann, na mwaka wa 1964 riwaya hiyo, Weep Not, Child, ikachapishwa.

Ngugi hakumwomba Achebe atangaze chochote. Alimwomba asome. Pendekezo lilikuja baada ya usomaji, nalo lilielekezwa kwa mtu mwenye uwezo wa kulifanyia kazi, yaani mchapishaji. Isitoshe, jina la Achebe lilifungua mlango mmoja tu. Vitabu vilivyofuata, vya Kiingereza na vya Kikuyu, vilisimama kwa miguu yake vyenyewe.

Katika fasihi ya Kiswahili pia ipo desturi ya kazi kusindikizwa na mjuzi, hasa kwa njia ya dibaji na uhariri. Diwani ya Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita, iliyotoka mwaka wa 1971, ilihaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu na mtaalamu wa lugha. Jina la mhariri wa namna hiyo halikukopeshwa bure. Limekaa juu ya jasho alilolitoa. Ndiyo maana msomaji huliamini.

Sifa huja na miwani yake

Kuna hatari nyingine ambayo chipukizi hukosa kuiona kwa sababu ya furaha. Amos Tutuola wa Nigeria alichapisha The Palm-Wine Drinkard mjini London mwaka wa 1952. Mshairi mashuhuri Dylan Thomas alikihakiki kitabu hicho kwa sifa nyingi katika gazeti la The Observer mwezi wa Julai mwaka huo, na Tutuola akajulikana ng'ambo mara moja. Nyumbani, hata hivyo, baadhi ya wasomi walichukizwa. Waliona kwamba wageni walifurahia Kiingereza kisicho sanifu na mambo ya ajabu yaliyomo, na kwamba sifa hizo ziliwafanya Waafrika waonekane kama watu wa ajabu.

Tutuola hakuwa na kosa lolote. Sifa hizo hakuziomba. Lakini kisa chake kinafundisha kuwa mtu mashuhuri haleti wasomaji tu, bali huwaletea na miwani ya kusomea. Mchekeshaji akisambaza shairi la maombolezo, hadhira yake huenda ikalitafutia kicheko. Mwanasiasa akilisifu, wapinzani wake watalikataa kabla ya ubeti wa kwanza. Kwa hivyo swali la "nani ana wafuasi wengi?" halitoshi. La muhimu zaidi ni "wafuasi wake huja kwake kutafuta nini?"

Kusambazwa si kusomwa

Katika mitandao ya kijamii mambo haya yote huenda kwa kasi zaidi. Hapo zamani, mtu aliyependekeza kitabu alilazimika angalau kukishika mkononi. Mtandaoni, kusambaza ni suala la kubonyeza mara moja. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2016 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia na taasisi ya Inria ya Ufaransa, uliochunguza viungo vya habari katika mtandao wa Twitter, ambao sasa huitwa X, uligundua kuwa asilimia 59 ya viungo hivyo havikufunguliwa na mtu yeyote. Mwaka wa 2020 mtandao huohuo ulianza kufanyia majaribio ujumbe wa kumuuliza mtumiaji kama angependa kwanza kuisoma makala anayotaka kuisambaza.

Aidha, utafiti mwingine wa mwaka wa 2010, ulioongozwa na Meeyoung Cha, ulionyesha kwamba wingi wa wafuasi peke yake hausemi mengi kuhusu ushawishi wa mtu. Wapo wenye wafuasi wengi ambao maneno yao hayarudiwi wala kujadiliwa na watu. Kinyume chake, mtu wa kawaida aweza kujijengea ushawishi akishikilia mada moja kwa bidii. Kwa mtunzi wa Kiswahili hii ni habari njema: mwalimu wa fasihi mwenye wafuasi 300 wanaopenda ushairi huenda akamfaa kuliko nyota mwenye laki tatu wanaomfuata kwa ajili ya kandanda.

Adabu ya kupiga hodi

Kutokana na mifano hiyo, mambo kadhaa yanajitokeza. Kwanza, anayeombwa awe mtu ambaye kazi yake ina uhusiano na kazi inayopelekwa, na mwombaji awe ameisoma kweli. Pili, ipelekwe kazi moja iliyokamilika, si rundo la majaribio. Muda wa mtu ni mali yake. Tatu, ombi liwe la kusoma na kutoa maoni, wala lisimfunge mtu kusifu. Nne, maneno ya faragha yasitangazwe bila ruhusa, na sifa ya kazi moja isibandikwe kwenye nyingine. Tano, kimya kiheshimiwe kama jibu. Mtu asiyeitikia hodi huenda hayumo nyumbani, na kuendelea kuugonga mlango wake kila siku hakumfanyi awemo.

La mwisho, mwandishi ajiulize mgeni atakuta nini akikaribishwa. Msomaji aliyeletwa na jina kubwa akakuta tahajia mbovu na vina vilivyolazimishwa, haondoki peke yake. Huondoka na imani yake kwa chipukizi wengine wa lugha hii.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba methali tuliyoanza nayo inahitaji kufasiriwa upya. Chema hakijiuzi kikiwa kimefungiwa sandukuni, na kukitembeza si aibu. Aibu ni kutembeza jina la mtu mwingine mahali pa bidhaa. Lugha ya Kiswahili haina uhaba wa watu wa kusifiana. Ina uhaba wa watu wa kusomana. Chipukizi anayemwomba mkubwa wake, "Nisomee, kisha uniambie ukweli," huondoka na faida hata kama jina lake halitasambazwa kwa mtu yeyote siku hiyo, kwani amekwisha kumpata msomaji mmoja wa kweli, na fasihi yoyote ile huanzia kwa msomaji huyo.