Je, Wajua? Aliyevuka Mpaka Ndani ya Buti la Gari

Je, wajua kwamba wenyeji wengi wa kisiwa cha Mfangano, kaunti ya Homa Bay, ni wajukuu wa wakimbizi wa kisiasa? Mapokeo ya wenyeji hao, Wasuba, yanasema mababu zao walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka Buganda na Busoga katika karne ya 18, wakikimbia ugomvi wa kuwania kiti cha Kabaka.

Geoffrey Oryema, mtunzi na mwimbaji wa Uganda, naye alikimbilia Kenya mwaka 1977. Alipita nchi kavu, amejikunja ndani ya buti la gari, hata miaka 25 hajafika.

Alikimbia nini? Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza polisi wa Uganda, kisha akawa waziri wa Idi Amin. Februari 16, 1977 alikamatwa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake Charles Oboth-Ofumbi. Kesho yake serikali ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Ni wachache walioimeza habari hiyo, ndani ya Uganda au nje.

Je, wajua kwamba mwaka 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya kuwa ni mali ya Uganda? Angefaulu, mwaka uliofuata buti hilo lingefunguliwa na Oryema akajikuta bado yuko kwa Amin.

Muziki hakuupata ugenini. Alizaliwa Soroti mwaka 1953, katika familia ya Kiacholi. Baba alimfundisha nanga, ala ya nyuzi 7; mama aliongoza kundi la ngoma la taifa, Heartbeat of Africa. Alisomea maigizo Kampala na kuanzisha kundi lake, Theatre Limited. Lukeme, marimba ile ndogo ya kupigwa kwa vidole gumba, aliiweka bega kwa bega na gitaa.

Je, wajua albamu yake ya kwanza ilitayarishwa na nani? Brian Eno, Mwingereza yule ambaye mwaka 1978 alitoa muziki uliotungwa kwa ajili ya viwanja vya ndege. Albamu inaitwa Exile, ilitoka mwaka 1990 kwa lebo ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel, yenye studio zake katika kijiji cha Box, Uingereza. Anayetafuta muziki wa kurukia harusini asiiguse. Sauti ya Oryema ni ya chini, inakokotwa, na Eno amekuwa na busara ya kuiachia nafasi badala ya kuifunika kwa vinanda. Wimbo wa Land of Anaka unataja kijiji cha wazee wake huko Acholi, nami nauhesabu miongoni mwa nyimbo bora za uhamishoni zilizotoka Afrika Mashariki. Wanaobisha wabishe.

Ufaransa ndiko alikoweka makao. Wimbo wake Yé Yé Yé ukawa utambulisho wa Le Cercle de minuit, kipindi cha usiku cha televisheni ya France 2. Wafaransa wakawa wanasindikizwa kitandani na mtoto wa Acholi.

Je, wajua kwamba nyimbo zake huenda zinaeleweka zaidi Sena, Mfangano, kuliko Paris? Wasuba wengi siku hizi wanazungumza Dholuo, na Kiacholi ni ndugu yake wa damu. Hazieleweki zote, lakini neno hapa na neno pale mzee wa kisiwani atalidaka. Na Oryema aliimba pia kwa Kiswahili.

Real World hiyohiyo ilimsajili Mjaluo wa Kenya: Ayub Ogada, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956 kwa jina la Job Seda. Huyu hakufukuzwa na mtu. Aliondoka mwaka 1986 na nyatiti yake ya nyuzi 8, akawa anaipiga kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi London akitegemea sarafu za wapita njia. Mwaka 1993 lebo ilitoa En Mana Kuoyo ya Ogada na Beat the Border ya Oryema.

Wimbo uliomtangaza Ogada ni Kothbiro, unaoonya kwamba mvua inakuja na ng'ombe warudishwe nyumbani. Filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005 iliutumia.

Oryema alirudi Uganda Desemba 2016, baada ya karibu miaka 40. Alifariki Lorient, Ufaransa, Juni 22, 2018. Mwezi huohuo rapa Kanye West alitoa wimbo wa Yikes, iliyochota kipande cha Kothbiro kutoka rekodi ya miaka ya 1970 ya Black Savage, bendi ya ujana wa Ogada. Ogada mwenyewe alifia Nyahera, Kisumu, Februari 1, 2019.