Ruzuku za Mayahudi wa Marekani na majirani Waislamu wa Mbale

Ijumaa hii tunaziomba familia za Ipagala na mitaa mingine ya Dodoma zifuatane nasi hadi Mbale, mashariki mwa Uganda, chini ya Mlima Elgon. Huko wanaishi Waafrika wenzetu wanaofuata dini ya Kiyahudi, waitwao Abayudaya. Kwa takriban miaka 30 sasa, shule zao, kituo chao cha afya na visima vyao vimetegemea kwa sehemu kubwa ruzuku za jumuiya za Mayahudi wa Marekani. Kilichotuvuta ni kwamba miongoni mwa wanaosoma na kutibiwa humo wamo watoto wa Kiislamu, na kwamba wazee wa Abayudaya wanakabiliwa na swali lile lile linalozikabili kamati zetu za misikiti na madrasa kila zinapopeleka andiko la mradi kwa mfadhili: fedha ya mgeni ikikatika, kitabaki nini?

Tunajua wapo watakaokunja uso kwa kulisikia tu neno Yahudi, hasa kwa machungu ya ndugu zetu wa Palestina. Machungu hayo ni ya haki, nasi hatuyapunguzi. Lakini mkulima wa kahawa wa Mbale si serikali ya Israel. Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo imewahi hata kuyakataa maombi ya Abayudaya ya kuhamia huko. Tena sira ya Mtume Muhammad (S.A.W.) ina habari ambayo haisimuliwi mara nyingi katika darsa zetu. Ibn Ishaq anamtaja Mukhayriq, Yahudi tajiri wa Madina aliyetoka kupigana upande wa Mtume siku ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, baada ya kuusia kwamba akifa mali yake iwe ya Mtume. Aliuawa siku hiyo. Wapokezi wanasema mali hiyo ilikuwa mabustani saba ya mitende, na Mtume akayafanya sadaka. Wapo wanazuoni wanaoyahesabu mabustani hayo kuwa wakfu wa kwanza katika Uislamu. Basi anayeuliza kama mali ya Yahudi yaweza kuwa na kheri kwa Waislamu na aanzie hapo.

Turudi Mbale. Mwanzilishi wa jumuiya hiyo, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka Uganda ya mashariki, kisha akaona hawakumlipa kwa kadiri ya alivyowatumikia. Alijitenga nao, akaisoma Taurati, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe na kutangaza kwamba yeye ni Yahudi. Alifariki 1928. Wafuasi wake waliendelea bila mfadhili yeyote, wakilima na kusali katika vibanda vya udongo, mpaka Idi Amin alipopiga marufuku ibada yao katika miaka ya 1970. Wengi walibadili dini, Waislamu wakiwemo miongoni mwa walioongezeka kwa njia hiyo. Inakadiriwa kwamba kati ya watu 3,000 walibaki 300 hivi, wakisali kwa siri.

Msaada ulikuja baadaye sana. Ujumbe wa kwanza wa Kulanu, shirika dogo la Mayahudi wa Marekani, ulifika 1995. Tarehe hizo tunaomba zishikwe vizuri, kwa kuwa zinaonesha kwamba jumuiya ilikuwa na umri wa miaka 76 kabla ya senti ya kwanza ya ruzuku.

Je, fedha hizo hutoka wapi? Mayahudi wana neno tzedakah, ndugu wa damu wa neno letu sadaka, na huko Marekani wameijengea mashirika. Tangu mwaka 1895, Boston ilipoanza, miji mingi imekuwa na shirikisho moja linalokusanya michango ya mwaka mzima kwa niaba ya taasisi zote. Kamati ya wajitoleaji hupokea maombi, huhoji, hugawa, na mwaka ukiisha hudai hesabu. Mwenye shule hazunguki peke yake na daftari la michango mlango kwa mlango. Nyuma ya utaratibu huo yapo mafundisho ya Musa bin Maimun, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyezaliwa Cordoba na kuwa tabibu mjini Cairo zama za Salahuddin. Yeye alizipanga sadaka katika daraja nane, na ya juu kabisa ni kumpa mtu mkopo, ushirika au kazi hadi asihitaji tena kuomba. Mjini New York kipo chombo kilichoanzishwa 1892, Hebrew Free Loan Society, ambacho mpaka leo hukopesha bila riba, na hakimuulizi mkopaji dini yake. Sisi tunaoihubiri haramu ya riba kila mwezi, tuna chombo kama hicho Dodoma?

Kwa Abayudaya, ruzuku ziliingia katika shule ya msingi ya Hadassah na sekondari ya Semei Kakungulu, ambako Wayahudi, Waislamu na Wakristo hukaa dawati moja. Shirika jingine, Be'chol Lashon la California, liligharimia visima, vyandarua vya mbu, na Kituo cha Afya cha Tobin kilichofunguliwa mjini Mbale 2010. Shirika hilo hilo lilimsomesha Gershom Sizomu, aliyerudi 2008 akiwa rabi, na 2016 akachaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, jimbo ambalo Wayahudi ni wachache mno. Waliompigia kura wengi wao ni Waislamu na Wakristo.

Mradi tunaoupenda zaidi, hata hivyo, haukuwa wa ruzuku. Mwaka 2004 J.J. Keki, Myahudi wa hapo aliyekuwa New York siku ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, alipita kwa majirani zake Waislamu na Wakristo akiwaomba waungane katika ushirika wa kahawa. Waliuita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, na kampuni ya Thanksgiving Coffee ya California ikainunua kahawa yao kwa bei bora. Hapo aliyeko Marekani hakuwa mfadhili tena, alikuwa mteja.

Si kwamba kila kitu ni shwari. Wafuasi wa kijiji cha Putti walijitenga na kufuata njia ya Kiorthodoksi. Ulipokuja ugonjwa wa korona, 2020, chakula cha msaada kilihitajika kutoka kwa wale wale wa ng'ambo, licha ya shule na sinagogi mpya iliyofunguliwa 2016. Jengo halipikwi.

Nasi hapa Dodoma tunalijua jambo hilo. Msikiti wa Gaddafi ulifunguliwa 2010 kwa fedha za Libya. Mwaka uliofuata mfadhili aliuawa na dola yake ikaanguka. Msikiti umesimama, alhamdulillah, lakini umeme, maji na usafi wa jengo kubwa kama lile havikuhamia Tripoli. Ni juu ya waumini.

Ipagala inajaa nyumba mpya tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma 2016, na penye nyumba mpya madrasa hufuata, kisha andiko la mradi. Kamati itakayopata mfadhili ijue kwamba, kwa shirika lisilo la kiserikali, kanuni za 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Jumuiya ya kidini husajiliwa kwingine, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Zamani shughuli hizi zilikuwa safari ya Dar es Salaam. Sasa ni nauli ya daladala hadi Mtumba.