Fahamu: Kati ya orka na papa, nani hatari kwa binadamu?

Papa huua wastani wa watu sita hivi kwa mwaka duniani kote. Sisi tunaua papa wapatao milioni 100, na hilo ndilo la kutisha.

Orka, au nyangumi muuaji, hajathibitishwa kumuua mtu yeyote akiwa huru baharini. Kila ukoo hurithi chakula chake kutoka kwa mama, wengine samaki, wengine sili, na binadamu hayumo. Kifungoni mambo hubadilika: orka aitwaye Tilikum alihusika na vifo vya watu watatu, wa mwisho mkufunzi wake huko Orlando mwaka 2010.

Tangu 2020, orka wa pwani za Hispania na Ureno husukuma usukani wa mashua kwa kichwa hadi ukatike. Mashua kadhaa zimezama. Mabaharia huachwa bila kuguswa.