Je, Wajua? Vita vya Mpakani na Barua Zilizofika Malindi

Ukipanda tuktuk Muyeye, ukapita katikati ya mji wa Malindi na kushika barabara ya Garsen, utafika daraja la Mto Sabaki kabla soda uliyonunua haijapoteza ubaridi. Chini yako maji ya matope yanateremka kutoka bara. Mvua ikishika kule juu, hata bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo. Ng'ambo ya pili ndiyo njia ya Mambrui, Gongoni na Ngomeni. Watu huvuka hapo kwenda arusini, matangani, shambani na sokoni, wala hawafikirii kwamba wamevuka mpaka.

Je, wajua kwamba kwa miaka kadhaa mto huu ulikuwa mpaka kweli? Uliwekwa London. Serikali ya Uingereza, katika tahadhari zake za usafiri, iliwashauri raia wake wasiende, ila kwa safari ya lazima, katika ukanda wa kilomita 15 kutoka ufuoni kuanzia Mto Tana hadi Mto Galana, yaani huu huu Sabaki wetu. Mambrui ikawa ndani ya mstari. Malindi ikawa nje. Upepo ni ule ule, na samaki wa asubuhi anauzwa pande zote mbili, lakini kwenye karatasi upande mmoja ukawa wa hatari na wa pili ukawa salama.

Tahadhari ya namna hii si sheria, na Mwingereza akitaka kuvuka daraja hakuna wa kumkamata. Nguvu yake imo kwenye bima. Kampuni nyingi za bima ya safari hukataa kulipa ikiwa msafiri amekwenda mahali ambapo serikali yake ilimwonya asiende. Wakala wa utalii akilijua hilo hauzi tena tikiti, na hoteli ikikosa tikiti hizo hufunga jiko. Mnamo Mei 2014, Uingereza ilipotoa onyo kuhusu kisiwa cha Mombasa na ufuo wa kutoka mkondo wa Mtwapa hadi Tiwi, mamia ya watalii wake walikatishwa likizo na kurudishwa kwao kwa ndege. Onyo hilo halikuitaja Malindi. Mimi nashikilia kwamba Malindi iliumia vilevile, kwa sababu mtu aliyeko Manchester au Milano hajui Mtwapa iko wapi wala Sabaki unamwagia wapi. Anasikia "pwani ya Kenya" na kufunga kitabu. Muyeye kunaishi watu wanaoamka kabla ya jua kwenda kupika, kutandika vitanda, kulinda mageti na kufyeka bustani za nyumba za wageni. Anayeambiwa "kaa nyumbani, tutakuita" hapewi nakala ya tahadhari asome ni mstari gani uliomfukuza kazi.

Mstari huo ulitoka wapi? Lazima turudi Oktoba 2011.

Mwezi Septemba mwaka huo watu wenye silaha walivamia hoteli moja karibu na Kiwayu, kaunti ya Lamu, wakamuua mgeni wa Kiingereza na kumteka mkewe. Tarehe 1 Oktoba mwanamke wa Kifaransa akachukuliwa kwa boti kutoka kisiwa cha Manda. Alifariki akiwa mikononi mwa watekaji. Tarehe 13 Oktoba wakatekwa wafanyakazi wawili wa misaada, raia wa Uhispania, katika kambi za Dadaab. Siku mbili baadaye mawaziri George Saitoti na Yusuf Haji wakatangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba Kenya itawafuata Al-Shabaab, wapiganaji wa Somalia, huko huko waliko. Tarehe 16 Oktoba wanajeshi wakavuka mpaka na kuingia Somalia. Operesheni ikapewa jina ambalo hakuna Mswahili aliyehitaji kutafsiriwa: Linda Nchi.

Je, wajua kwamba nchi inayovuka mpaka na jeshi inatakiwa kuandika barua? Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinatambua haki ya nchi kujitetea ikishambuliwa kwa silaha, lakini kinaidai nchi hiyo ilijulishe Baraza la Usalama mara moja. Kenya ikaandika. Barua kama hiyo husomwa neno kwa neno na mabalozi waliozoea kupekua kila koma, na neno zito kuliko yote huwa ni lile linaloeleza kama mwenye nyumba alikubali kuingiliwa. Mwenye nyumba akisema "niliwaita", huo ni msaada. Akisema "sikuwaita", huo ni uvamizi, hata kama adui anayesakwa ni mmoja.

Ndiyo maana mawaziri wa Kenya walifunga safari ya Mogadishu tarehe 18 Oktoba, siku mbili tu baada ya majeshi kuvuka, kutafuta sahihi. IGAD, jumuiya ya nchi za ukanda huu, ikaunga mkono operesheni wiki hiyo hiyo. Kisha, tarehe 24 Oktoba, rais wa Somalia, Sheikh Sharif Ahmed, akasema hadharani kwamba hakufurahishwa na majeshi ya Kenya kuwa ndani ya nchi yake, na kwamba makubaliano yalikuwa ya msaada wa mafunzo na vifaa. Fikiria hali ilivyokuwa: askari wako matopeni, mvua za vuli zimeanza, na mwenye nyumba anasema hakubisha hodi mtu. Wiki nzima ilipita hadi waziri mkuu wake, Abdiweli Mohamed Ali, alipokutana na mwenzake wa Kenya, Raila Odinga, jijini Nairobi tarehe 31 Oktoba, na taarifa ya pamoja ikatoka ikisema serikali mbili zinafanya kazi pamoja dhidi ya adui mmoja. Maneno yakalingana. Vita vikaendelea.

Mwaka uliofuata Kenya ilibadilisha kofia. Tarehe 22 Februari 2012 Baraza la Usalama lilipitisha azimio nambari 2036, likaongeza idadi ya askari wa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, kutoka 12,000 hadi 17,731, na nafasi ikapatikana kwa wanajeshi wa Kenya kuingizwa humo. Askari waliovuka kwa jina la nchi moja wakawa wa bara zima, na posho zao zikatoka kwenye mfuko wa Umoja wa Ulaya. Mwishoni mwa Septemba 2012 wakaingia Kismayu, mji wa bandari wa Somalia.

Ndani ya azimio hilo hilo kuna jambo ambalo mama yeyote wa Muyeye anayekuna nazi mbele ya jiko angelielewa upesi kuliko mabalozi: makaa. Azimio lilizitaka nchi zote ziache kununua makaa kutoka Somalia, kwa sababu Al-Shabaab walikuwa wakijipatia fedha kutokana na magunia yaliyopakiwa Kismayu kwenda nchi za Ghuba, ambako makaa ya migunga hupendwa kwa kuchomea nyama na kuwashia shisha. Mwaka 2013 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakaripoti kwamba magunia yaliendelea kupakiwa hata baada ya mji kubadilisha mikono. Gunia halijui bendera. Lakini msitu uliokatwa ni wa mtu, na mfugaji aliyekosa kivuli cha ngamia wake hakuwa na kiti New York.

Je, wajua kwamba zamani Kenya iliwahi kulaumiwa kwa sababu ya mpaka uliovukwa na jeshi la wengine? Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walitua Entebbe, Uganda, wakawakomboa mateka zaidi ya 100 wa ndege ya Air France iliyokuwa imetekwa. Wakati wa kurudi, ndege zao zilitua Nairobi kujaza mafuta. Rais wa Uganda, Idi Amin, akailaumu Kenya, na Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda wakalipa kwa damu. Kenya nayo ikabana mafuta yaliyokuwa yakipita bandari ya Mombasa kwenda Kampala, na manowari ya Marekani ikatia nanga Mombasa mwezi huo huo ili Amin aione. Uingereza ikavunja uhusiano na Uganda tarehe 28 Julai.

Huko New York, Baraza la Usalama lilikaa kuanzia tarehe 9 hadi 14 Julai. Katibu Mkuu Kurt Waldheim alikuwa ameshasema kwamba kitendo kile kilivunja vibaya mamlaka ya nchi mwanachama. Mezani kulikuwa na miswada miwili. Wa Marekani na Uingereza ulilaani utekaji nyara wa ndege. Ulipata kura 6, Italia ikiwa miongoni mwa waliouunga mkono, na kura 9 ndizo zilizohitajika. Nchi 7 hazikushiriki kabisa katika kura. Mswada wa pili uliilaani Israeli kwa kukiuka mipaka ya Uganda, na wenyewe hawakuusukuma hadi kwenye kura. Waliouandika ni Benin, Libya na Tanzania.

Hapo kwenye Tanzania ndipo ningependa msomaji asimame kidogo. Rais wa Tanzania, Julius Nyerere, hakuwa rafiki wa Amin hata kwa dakika moja. Alimpa hifadhi Milton Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Amin, na hakukubali kuketi meza moja na aliyempindua. Bado balozi wake alisimama kutetea mpaka wa Uganda. Kwa nchi changa zilizorithi mipaka iliyochorwa na wakoloni, na zilizokubaliana jijini Cairo mwaka 1964 kuiheshimu jinsi ilivyo, mpaka ulikuwa kitu ambacho hata cha adui hukiachii kichezewe. Ninauheshimu msimamo huo kila ninapoufikiria.

Miaka miwili baadaye ukaja mtihani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, ndani ya Tanzania, yakaua, yakapora ng'ombe na mabati ya nyumba, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera, kilomita za mraba 1,800 hivi, sasa ni la Uganda. Kesho yake Nyerere akahutubia taifa, na maneno matatu ya hotuba ile, uwezo, sababu na nia, yangali midomoni mwa wazee wa Tanzania hadi leo. Naye Amin akapendekeza wamalize ugomvi ulingoni kwa ndondi, Muhammad Ali akiwa refa. Watu wa Kagera walikuwa wakizika.

Nyerere alitarajia Afrika iseme neno moja: kulaani. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ukiwa chini ya uenyekiti wa Jaafar Nimeiri wa Sudan, ulizitaka pande zote mbili zipatane. Kwa aliyevamiwa, kuambiwa "pande zote mbili" ni kidonda juu ya kidonda. Nyerere alikataa usuluhishi usioanza kwa kumtaja mvamizi. Msumbiji ilimtumia askari. Libya ilimtumia Amin wake, na mwishoni mwa Machi 1979, majeshi ya Tanzania yakiwa yameshaingia Uganda, kiongozi wa Libya, Gaddafi, akampa Nyerere saa 24 ayaondoe. Nyerere akajibu kwamba kuingia kwa Libya hakubadilishi kitu. Kenya ya Daniel arap Moi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia Ikulu baada ya Mzee Kenyatta kufariki Mombasa Agosti 1978, ilikaa katikati na kujitolea kupatanisha.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Julai mwaka huo, katika mkutano wa viongozi wa Afrika jijini Monrovia, Nimeiri na Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliishutumu Tanzania, sasa kwa kuvuka mpaka wa Uganda na kuiondoa serikali. Wajumbe wa Tanzania walikuja na kitabu chao kinachoeleza jinsi vita vilivyoanza. Rais mpya wa Uganda, Godfrey Binaisa, akasimama kuwatetea majirani waliomwingiza. Nchi iliyoandika mswada wa 1976 kutetea mipaka ya Uganda ilikuwa kizimbani kwa mipaka ile ile, na sioni kwamba Nyerere alikuwa na njia nyingine.

Je, wajua kwamba barua ya kale zaidi ninayoijua kuhusu uvamizi katika pwani hii iliandikwa Mombasa na kutumwa Malindi? Mwaka ulikuwa 1505. Malindi ilikuwa rafiki wa Wareno tangu Vasco da Gama alipotia nanga hapa Aprili 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Mombasa ilikuwa mshindani wake. Mwezi Agosti 1505 manowari za Francisco de Almeida, zikitoka kuipora Kilwa, ziliingia Mombasa, zikauchoma mji na kuwaua watu wake.

Mfalme wa Mombasa akachukua karatasi na kumwandikia mfalme wa Malindi, yule yule aliyekuwa mwenyeji wa Wareno. Hakumlaumu. Alimweleza alichokikuta: kwamba amepita mtu mkubwa akiwaka moto, akaingia mjini kwa ukatili usiomwacha mzee wala mtoto mchanga, na kwamba hata ndege wa angani waliangushwa chini. Alimwambia kwamba harufu ya maiti ilikuwa nzito mno hata yeye mwenyewe hakuthubutu kuingia katika mji wake. Yaliyomo yalihifadhiwa katika masimulizi ya safari ile ya Wareno.

Malindi haikuvunja urafiki wake na Wareno. Mwaka 1593 Wareno walipohamishia makao yao Mombasa na kuanza kujenga Ngome ya Yesu, mfalme wa Malindi alihama nao, akaketi kwenye kiti cha mji ule uliowaandikia barua babu zake. Malindi ikapungua watu mwaka baada ya mwaka hadi ikawa magofu na vichaka, na ilikaa hivyo mpaka mwaka 1861, Sultani Majid wa Unguja alipotuma watu kuifufua.