Uhalisia na Mubaalagha katika Riwaya za Kejeli kuhusu Rangi: Usomaji kutoka Mwakitolyo

Makala haya yanajadili namna kejeli kuhusu rangi ya mwili inavyotegemea vitu viwili vinavyodhaniwa kupingana: uhalisia na mubaalagha, yaani utiaji chumvi. Hoja inayojengwa ni kwamba chumvi haikolei isipotiwa katika chakula ambacho msomaji anakijua.

Mfano ulio bora zaidi ni Tajirika, mhusika wa Ngũgĩ wa Thiong'o katika riwaya iliyoandikwa kwa Kigikuyu na kutoka kwa Kiingereza mwaka 2006 kwa jina la Wizard of the Crow. Mfanyabiashara huyu, baada ya kupokea hongo nyingi kupita kiasi, anashikwa na ugonjwa wa ajabu: anajikuna uso na kukwama katika neno moja la masharti, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "laiti". (Kiambishi -nge- peke yake kisingefaa, kwa kuwa hakisimami bila kitenzi.) Mganga ndiye anayemsaidia kuimalizia sentensi: laiti ngozi yake ingekuwa nyeupe. Kuelekea mwisho wa riwaya anapandikizwa mkono na mguu wa kizungu. Tukio hilo haliwezekani, lakini hongo, kioo na mke anayeficha ugonjwa wa mumewe ni mambo ya kila siku. Ugonjwa umebuniwa, tamaa inayouleta haikubuniwa.

Msomaji wa Mwakitolyo, kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Shinyanga, ana sababu ya ziada ya kuuelewa mwasho huo. Mawe yakishasagwa kwenye makarasha, unga wake huoshwa na zebaki huikamata dhahabu. Mchanganyiko huo ukichomwa, zebaki hupaa na dhahabu hubaki. Zebaki hiyohiyo hutiwa katika baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi, kwa kuwa huzuia utengenezaji wa melanini, na huharibu figo za anayejipaka. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unagusa matumizi yote mawili. Kwa hiyo fedha ya ghafla na uso unaowasha vinaweza kutoka katika kimiminika kimoja. Palipo na mkorogo, Tajirika si kichekesho cha mbali.

George Schuyler alitangulia kuitumia mbinu hii Marekani. Katika Black No More (1931), mashine huwageuza Weusi kuwa Weupe kwa dola 50, na mwandishi anafuatilia kwa makini ya mhasibu nani anafilisika biashara ya kunyoosha nywele inapokosa wateja.

Hata hivyo, mubaalagha una ukingo wake. Katika Caitaani Mũtharaba-inĩ (1980), iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani, mnyang'anyi Nditika wa Nguunji anapendekeza kiwanda cha viungo vya mwili ili matajiri wawe na vinywa viwili na mioyo miwili. Ilipotoka, pendekezo hilo lilikuwa chuku tupu. Kati ya mwaka 2007 na 2009, watu wenye ualbino waliuawa katika Kanda ya Ziwa, viungo vyao vikitafutwa kwa imani kwamba vinavuta dhahabu na samaki. Septemba 2009, Mahakama Kuu katika kikao cha Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya mtoto mmoja. Mwandishi wa kejeli anayemwonyesha tajiri akinunua mkono wa binadamu hajatia chumvi yoyote. Ameandika habari ya gazetini. Kicheko kikitokea hapo, kitamwangukia aliyeuawa.

Kinachobaki kutiwa chumvi ni fikra za mnunuzi: anavyodai risiti, anavyopatana bei, anavyolalamika kwamba duara lake halijatoa kitu na kutaka arudishiwe fedha. Uwanja huo ni mpana, na bado haujalimwa vya kutosha. Ndani yake kuna kinaya ambacho Ngũgĩ hakukigusa. Katika eneo moja, weupe ulionunuliwa kwenye kikopo humpa mwenye nao hadhi, na weupe aliozaliwa nao mtoto wa wazazi weusi humfanya asindikizwe shuleni.